Sheria Ianzie Chini ya Gari: Springi, Taa na Breki Kati ya Nakuru na Kisumu

Mjadala wa kurekebisha magari ukizuka kati ya wapenzi wa magari wa Nakuru na Kisumu, huanzia kwenye ekzosi. Subaru inapita Kenyatta Avenue ikinguruma, askari wa trafiki anaisimamisha, na kufikia jioni watu wameshagawanyika: hawa wanasema vijana wamezidi, wale wanasema gari ni la mwenyewe na alilinunua kwa pesa yake. Wakati huohuo Probox iliyoinuliwa kwa vipande vya raba, yenye watu wanne kiti cha nyuma na wawili kwenye buti, taa zake nyeupe zikimulika matawi ya miti, imepita kizuizi hichohicho bila kuulizwa lolote. Tunagombania kelele, ilhali marekebisho yanayoua hayana sauti.

Sheria yenyewe si mbaya. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema gari lisitumike barabarani isipokuwa gari hilo na sehemu zake zote, taa na tairi zikiwemo, zinatimiza matakwa ya sheria na zimetunzwa katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani. Hapo pana karibu kila kitu ambacho mpenzi wa magari mwenye busara angetaka kiandikwe. Kasoro ni kwamba kifungu hakimpi askari aliye kando ya barabara kipimo cha kushika mkononi. Anabaki na macho na masikio, na masikio hukamata ekzosi kabla macho hayajaona springi.

Kuna pia wajibu wa kusajili mabadiliko. Logbuku inataja nambari ya injini na ya chasi, aina ya bodi, rangi, ujazo wa injini, uzani na idadi ya abiria. Ukibadilisha kimojawapo, unapaswa kuiarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kwa mabadiliko kama ya injini gari linapelekwa kukaguliwa. Magari ya uchukuzi wa umma, na ya biashara yaliyozidi miaka minne tangu yaundwe, yana ukaguzi wake wa lazima. Gari la kibinafsi likishasajiliwa linaweza kuzeeka lote bila mtu kulitazama chini. Ndiyo sababu kanuni za ukaguzi zilizopendekezwa mwaka 2025, zenye nia ya kuyaingiza hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne, zilizua kelele nyingi. Wapo wanaohofia foleni na hongo, na hofu hiyo ina msingi. Mimi nauunga mkono ukaguzi huo kwa sharti moja: gari lipimwe kwa mashine, matokeo yachapishwe kwa tarakimu, na mwenye gari apewe nakala.

Mengi ya magari tunayoyabishania yalikwisha kuishi chini ya sheria kali kuliko yetu. Japan, gari la kibinafsi hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Probox iliyosajiliwa kule kama gari la mizigo hukaguliwa ikifikisha miaka miwili, kisha kila mwaka. Kimo kikibadilika zaidi ya sentimita 4, upana zaidi ya 2, au urefu zaidi ya 3, gari linahitaji idhini ya mabadiliko ya muundo, isipokuwa kwa sehemu chache zilizoorodheshwa, springi za koili zikiwa miongoni mwake. Vipande vya kuinulia havimo katika orodha hiyo. Gari lililoshushwa nalo lazima libakize angalau sentimita 9 kutoka chini. Ujerumani wana njia nyingine: kila rimu, springi au ekzosi ya kubadilisha huja na cheti chake, au huingizwa kwenye hati za gari baada ya mkaguzi kuiona. Nchi zote mbili zina wapenzi wa magari wengi kutushinda, na wanarekebisha magari kila siku. Wana tarakimu tu ambazo sisi hatuna.

Nianze na springi, maana huku magharibi ndilo rekebisho la kwanza.

Mtu anayefanya kazi ya Kisumu–Siaya au Busia–Mumias anaona mkia wa gari umekaa chini, anakwenda kwa fundi, anawekewa vipande vya raba katikati ya koili. Gari linainuka, na abiria wanaona limepona. Lakini springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiziba miwili, imebaki na minne, na ugumu wake umepanda mara moja na nusu. Mizunguko hiyo minne inabeba kazi ya sita. Springi huvunjika pale raba inapoishia, mara nyingi gari likiwa limejaa na liko kwenye kona. Shoki nayo iliundwa kutuliza springi laini zaidi, haiwezi kuituliza hii mpya. Kwenye murram yenye mawimbi tairi inaanza kurukaruka, na tairi iliyo hewani haifungi breki.

Kipande cha alumini kinachowekwa juu ya shoki ya mbele, kati yake na bodi, hakigusi ugumu wa springi, ila kina madhara yake. Sentimita 5 za kuinua zinaongeza pembe ya ekseli za magurudumu ya mbele, na viungo vya ndani vinakufa mapema. Dalili ni mtetemo unapokanyaga mafuta kupanda mlima. Bolijointi inafika mwisho wa mwendo wake. Paipu ya breki ya raba inavutika usukani ukikatwa mpaka mwisho, kwa hiyo baada ya kazi hii inua gari kwa jeki hadi gurudumu lining'inie, kata usukani kulia kabisa kisha kushoto kabisa, na hakikisha paipu bado imelegea. Bolti ndefu zilizowekwa ziwe na alama ya 8.8 au 10.9 kichwani, za duka la vifaa vya ujenzi zisizo na alama yoyote zikatae. Kisha alainmenti, siku hiyohiyo, kabla tairi hazijaliwa upande mmoja.

Kuna moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Hiace na pikapu nyingi za zamani zina vali inayogawa breki kulingana na mzigo. Fimbo yake imeungwa kati ya bodi na ekseli ya nyuma: mzigo ukishusha bodi, vali inaruhusu presha zaidi kwenda breki za nyuma. Ukiinua bodi sentimita 5 bila kuigusa fimbo hiyo, vali inadhani gari ni tupu, nawe umepakia hadi paa. Breki za nyuma zinabaki dhaifu, za mbele zinafanya kazi yote, na kwenye lami yenye maji gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Rekebisho lenyewe ni dogo: kishikio cha fimbo kisogezwe kiasi kilekile gari lilichoinuliwa, ili pembe ya fimbo irudi ilivyokuwa kiwandani. Anayeinua gari la namna hii bila kujua vali iko wapi hajamaliza kazi.

Wengine hukata springi kwa grainda ili gari lishuke. Springi iliyokatwa inakuwa fupi kuliko nafasi yake. Gurudumu likining'inia, inalegea na inaweza kuhama kikalio chake. Gari likitua tena, imekaa upande. Wanaoichoma kwa gesi ili ijikunje wanafanya vibaya zaidi, kwa sababu joto linaiondolea chuma ugumu wake, na hakuna njia ya gereji ya kuurudisha. Ukitaka gari fupi, nunua springi fupi zilizoundwa hivyo pamoja na shoki zake.

Sasa taa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu usiku kati ya Awasi na Ahero, au kwenye ukungu wa Timboroa na Mau Summit, taa ndiyo inayoamua kama utaliona trela la miwa lisilo na rifleta au hutaliona.

Taa ya chini iliyopangwa vizuri hushuka asilimia 1: mita 10 mbele, mstari wa mwanga uko sentimita 10 chini ya kimo cha balbu; mita 50 mbele, uko sentimita 50 chini. Probox ina sentimita 255 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mzigo ukiushusha mkia sentimita 5, gari zima limeinama kwa karibu asilimia 2. Taa iliyokuwa ikishuka asilimia 1 sasa inapanda asilimia 1. Mita 50 mbele, mwanga uko nusu mita juu ya balbu, na kwa kuwa balbu iko sentimita 65 hivi kutoka chini, unafika mita 1.15. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa saluni anayekuja. Hajakosea lolote, amepofushwa na magunia ya mtu mwingine. Kwa hiyo anayesema aliinua mkia ili taa zisipande ana hoja, ila tiba yake ni springi za mzigo zilizoundwa kwa gari hilo, pamoja na kuacha kubeba watu wanane.

Kupanga taa hakuhitaji mashine. Tafuta ukuta na sakafu tambarare, ukuta wa kituo cha mafuta unatosha. Jaza tairi upepo sahihi, mtu mmoja akae kiti cha dereva, mafuta yawe nusu tangi. Egesha mita 10 kutoka ukutani, ukiuelekea moja kwa moja. Pima kimo kutoka chini hadi katikati ya balbu, kitie alama ukutani kwa tepu, kisha weka tepu nyingine sentimita 10 chini yake. Funika taa moja, washa taa ya chini, na uzungushe skrubu ya wima nyuma ya taa mpaka mstari wa mwanga ukae kwenye tepu ya chini. Upande wa kushoto mstari unapaswa kupanda kidogo, kumulika ukingo wa barabara na waenda kwa miguu. Ukiona unapanda kulia, hiyo ni taa ya nchi zinazoendesha upande wa kulia na itawapofusha wanaokuja hata uipange vipi, irudishe ulikoinunua. Magari mengi ya Kijapani yana gurudumu dogo karibu na usukani, lenye tarakimu kuanzia 0, la kushusha taa gari likipakiwa. Mzigo ukiingia, lizungushe. Likiwa halifanyi kazi, lirekebishwe kabla ya kufikiria redio mpya.

Balbu nyeupe za LED au zenoni kwenye taa ya halojeni ndizo zinazoharibu zaidi. Kioo cha taa kimechongwa kwa ajili ya waya mwembamba ulio mahali pamoja hasa. Balbu ya H4 ina hata kikombe kidogo chini ya waya wa taa ya chini, kinachozuia mwanga usipande. Chanzo cha mwanga kikihama milimita chache, mstari unapotea na mwanga unatapakaa kila upande. Dereva anaona bonde limejaa mwanga karibu naye, anadhani anaona mbali. Kwa kweli umbali umepungua, maana jicho lililozoea mwangaza wa karibu halioni giza la mbele.

Anayetaka mwanga zaidi kihalali aanze na multimita. Washa injini na taa, pima volti kwenye betri, kisha kwenye soketi ya balbu. Ukikuta 14 kwenye betri na 13 kwenye soketi, umepoteza zaidi ya moja ya tano ya mwanga, kwa sababu mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti. Waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye betri, rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme) na fyuzi karibu na betri vinaurudisha, kwa balbu ileile ya wati 60/55. Wanaoweka balbu za wati 100 kwenye waya wa kiwandani wanavuta zaidi ya ampea 16 kwa jozi. Soketi ya plastiki inayeyuka, na wakati mwingine swichi ya usukani inaungua pamoja nayo. Kioo kikiwa cha njano, kisugue kwa msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, king'arishe, halafu kipakwe rangi angavu inayozuia jua. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, jua la Kisumu litakirudisha kwenye unjano kabla ya muda mrefu.

Kwenye rimu na tairi, mazungumzo huwa ya sura, na hesabu hufuata baada ya ajali. Tazama tarakimu mbili zinazofuata ukubwa wa tairi, ndizo zinazotaja mzigo ambao tairi moja inaweza kubeba: 82 ni kilo 475, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615. Ukiondoa tairi za 88 kwenye gari la mizigo ukaweka 82 kwa sababu rimu za spoti zilikuja nazo, umepunguza kilo 170 kwenye kila ekseli, na mzigo haujapungua hata kilo moja. Tarakimu nne za mwisho za DOT, alama iliyo ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kuundwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wenye 195/65R15 wakiweka 205/55R16 au 225/45R17, kipenyo hakibadiliki kwa kiasi cha kujali. Wakiweka 215/60R16 kinakua karibu asilimia 5, na mshale ukisema 80 gari liko karibu 84.

Kwa Subaru yenye spesa, vipande vya kulisogeza gurudumu nje, hesabu mizunguko ya nati. Uzi ulioshika unapaswa kuwa na urefu usiopungua unene wa bolti. Bolti za Subaru, unene wa milimita 12 na uzi unaosogea 1.25 kwa kila mzunguko, zinahitaji mizunguko kumi. Za Toyota, 12 kwa 1.5, zinahitaji minane. Ikipungua hapo, spesa itoke au bolti ndefu ziingie. Rimu yenye tundu pana kuliko kitovu iwekewe ringi ya kuiweka katikati, la sivyo usukani utatetemeka na bolti zitabeba mzigo usio wao. Kaza nati kwa spana ya kipimo, kisha ukaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nguvu za injini zinapendwa kuliko breki, na barabara yetu ya kuja Nakuru kutoka magharibi haisamehi jambo hilo. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 300 bila kuongeza kasi linazalisha joto sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa zaidi ya mara saba mfululizo. Sehemu ya joto hilo hulibeba injini ukiwa kwenye gia ya chini; ukiwa kwenye D ya gari la otomatiki na mguu kwenye breki, karibu lote linaingia kwenye diski. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205, yakishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 140. DOT 4 huanzia 230, na yakishazeeka 155. Yakichemka, pedali inazama na hakuna cha kushika. Kwa hiyo kabla ya tabo kubwa zaidi ya kuipa injini nguvu: mafuta mapya ya DOT 4, yabadilishwe kila miaka miwili, paipu za raba zisizo na nyufa, padi za kampuni inayojulikana, na diski zenye unene unaozidi kipimo kilichochongwa juu yake. Ukishuka Sachangwan hadi Salgaa, ambako lori nyingi zimekosa breki na familia nyingi zimefiwa, zima overdraivu au teremsha gia mapema, ukiwa bado juu.

Viti vya matatu nitavitaja kwa ufupi ingawa vinastahili makala yao. Vani ya mizigo inakatwa madirisha, inachomelewa viti, inakuwa ya abiria 14. Kiwango cha kimataifa cha mahali mkanda unapofungiwa kinadai pahimili mvuto wa mamia ya kilo. Bolti iliyopita kwenye bati jembamba la sakafu, na washa ndogo chini yake, itang'oka na kipande cha bati. Panatakiwa bamba pana la chuma chini ya sakafu, lililofungwa kwenye mihimili ya gari. Mkaguzi anaweza kuliona kwa kuinama na tochi, dakika mbili.

Na ekzosi? Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009, na mgonjwa aliyelazwa kando ya barabara ana haki ya kulala. Lakini hatari ninayoihofia zaidi ni paipu iliyokatwa ikaishia chini ya sakafu. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na kwa madirisha yaliyofungwa kwenye mvua ya Kericho dereva anasinzia bila kujua kwa nini. Paipu ifike nyuma ya bampa, na viungo vyote visivuje.

Nikipewa nafasi kwenye kanuni, ningeomba vipimo vitano kwa kila gari, la kibinafsi na la umma: nguvu ya breki za kushoto na kulia kwenye mashine ya rola, pembe ya taa gari likiwa tupu, namba ya mzigo ya tairi ikilinganishwa na ya kiwandani, kimo cha gari kikilinganishwa na cha mtengenezaji, na bolti za viti na mikanda. Rangi, stika na spoila zisubiri.

Kwa aliyekwisha kubadilisha injini, karatasi si ngumu kama inavyosemwa. Dai risiti ya injini yenye nambari yake, pamoja na hati za uagizaji kutoka kwa aliyeiuza. Piga picha ya nambari kabla injini haijaingia garini, kwa sababu baadaye haionekani vizuri. Omba mabadiliko kupitia akaunti yako ya NTSA, lipa, peleka gari kwenye kituo cha ukaguzi, Nakuru na Kisumu vipo, na usubiri logbuku mpya. Kisha iandikie kampuni ya bima barua ya kutaja injini, breki na springi ulizobadilisha, uombe jibu kwa maandishi, na uweke nakala nyumbani, si kwenye dashibodi.